Anzia Kwenye Inveti: Ushauri kwa Wachoraji wa Mifumo ya Maji Taka Ruiru na Thika

Jengo la kupangisha la orofa nne au tano, ploti ya futi 50 kwa 100: hiyo ndiyo kazi inayolisha ofisi nyingi za uchoraji kati ya Ruiru na Thika. Liwe Kihunguro, Kimbo, Membley, Ngoingwa au Makongeni, ukiondoa rangi na roshani, mabomba yake ya maji taka yanafanana. Vyoo vimepangwa kimoja juu ya kingine, bomba la wima linashuka ukutani, kisha msururu wa menholi unafuata ukingo wa ploti hadi kwenye laini ya mtaa au kwenye tangi. Sensa ya 2009 iliupa mji wa Ruiru wakazi karibu 239,000. Ile ya 2019 ikahesabu 490,120, na Thika 251,407. Katikati ya sensa hizo mbili, mwaka wa 2012, barabara kuu ya Thika ilifunguliwa rasmi, na ujenzi ukaifuata pande zote mbili.

Kwa kuwa kazi inajirudia hivi, ungetarajia kila ofisi iwe na maktaba yake ya sehemu za maji taka: menholi moja iliyotengenezwa vizuri, galitrapu moja, kona, vai, tangi, zote zikisubiri mradi unaofuata. Kinachofanyika mara nyingi ni kufungua faili ya mradi uliopita, kuihifadhi kwa jina jipya, kufuta kuta na kubakisha mabomba. Mchoro unakamilika haraka. Lakini vipimo vya kina vilivyoandikwa kwa ajili ya mteremko wa Ngoingwa sasa vimelala juu ya ploti bapa ya Juja Farm, na hakuna chochote ndani ya faili hiyo kinachoweza kumwambia mchoraji kwamba haviwezekani. Fundi ndiye atakayegundua, siku ya kuchimba, mwenye ploti akiwa amesimama pale pale.

Ushauri wangu wote unatoka kwenye jambo moja. Sehemu ya maji taka itengenezwe kuanzia pale maji yanapopita, yaani sakafu ya ndani ya bomba, ile ambayo wahandisi na mafundi huiita inveti. Sura ya nje ije baadaye. Wachoraji wengi huanzia upande wa pili: wanachora sanduku la menholi, wanaliwekea mfuniko wa kupendeza na vyuma vya kupandia, wakimaliza wanaanza kutafuta namna ya kulifikisha kwenye bomba. Modeli ya namna hiyo inapendeza kwenye picha ya mteja na inakwama kwenye mradi wa pili.

Tuchukue ploti hiyo hiyo. Futi 100 ni mita 30.48. Kanuni ya zamani inayoitwa ya Maguire, ambayo bado inatumika sana katika kazi ndogo, hulaza bomba la inchi 4 kwa mteremko wa 1 kwa 40 na la inchi 6 kwa 1 kwa 60. Bomba la inchi 4 likipita urefu wote wa ploti litashuka sentimita 76; la inchi 6 litashuka sentimita 51. Ikiwa ardhi ni bapa na bomba linaanza kina cha sentimita 45 nyuma ya ploti, la inchi 4 litafika mbele likiwa mita 1.21 chini, la inchi 6 likiwa sentimita 96. Sasa sema inveti ya menholi ya mtaa iko mita 1 tu chini. Bomba la inchi 4 kwa mteremko wake wa kawaida halifiki. La inchi 6 linapita kwa sentimita 4. Hapo ndipo mjadala wa kweli unapoanza, kwa sababu bomba kubwa lenye mteremko mdogo linahitaji maji mengi ili lijisafishe: kwa jengo la familia 20 litafaa, kwa nyumba ya familia moja uchafu unaweza kutulia ndani yake. Mjadala huo ufanyike ofisini, na modeli ndiyo inayopaswa kuuibua.

Ili iuibue, menholi yako ijue namba mbili tu za ngazi: ngazi ya mfuniko na ngazi ya inveti ya kutokea. Kina ni tofauti ya hizo mbili, na kisiandikwe kwa mkono kamwe. Katika Revit, fungua kiolezo cha familia na kabla ya kuchora umbo lolote weka bapa la marejeo kwenye inveti, ulipe jina, kisha lingine kwenye mfuniko. Kuta, sakafu ya zege na kifuniko vifungwe kwenye bapa hizo. Ukuta usifungwe kwenye ukuta mwingine. Chanzo cha familia, yaani ile nukta inayoshikwa na kipanya unapoiweka kwenye mradi, kiwe katikati ya mfereji wa menholi, kwenye inveti. Anayetumia bloku za AutoCAD afanye vivyo hivyo kwa nukta ya kuingizia. ArchiCAD, ambayo wasanifu wengi wa Nairobi na vitongoji vyake wanaipenda, nayo inaruhusu vitu vyenye vigezo, na FreeCAD inakupa jedwali la hesabu lililounganishwa na umbo bila kulipa chochote. Mwanafunzi wa JKUAT au wa Thika Technical asiye na leseni ya ofisi asiseme hana pa kujifunzia. Autodesk nayo hutoa leseni za bure kwa wanafunzi.

Kuna hesabu ya tatu ndani ya menholi ambayo wengi huiruka. Bomba la inchi 4 linapoingia kwenye menholi inayotoa bomba la inchi 6, usilinganishe inveti zake. Linganisha dari za ndani za mabomba, ili laini kubwa ikijaa maji yasirudi nyuma kwenye tawi dogo. Bomba la uPVC la milimita 110 lenye ukuta wa milimita 3.2 lina kipenyo cha ndani cha milimita 103.6, la 160 lenye ukuta wa milimita 4 lina 152. Tofauti ni milimita 48.4, kwa hiyo inveti ya kuingilia ikae juu ya ile ya kutokea kwa karibu sentimita 5. Ukiandika fomula ya kutoa kipenyo kimoja kwenye kingine, menholi zote za mradi zitajipanga zenyewe. Ukiandika 48 kwa mkono, siku mhandisi atakapobadilisha laini kuwa ya milimita 200 hutakumbuka namba hiyo ilitoka wapi.

Mfano huo unaonyesha pia kwa nini modeli lazima itenganishe vipenyo vitatu. Fundi anasema inchi 4. Duka la vifaa vya ujenzi linakuuzia 110, ambacho ni kipenyo cha nje. Maji yanaona 103.6. Inchi 4 ni jina la kwenye lebo, 110 ndiyo inayokata tundu ukutani, na kipenyo cha ndani ndicho kinachoingia kwenye hesabu ya mtiririko. Mchoraji aliyechanganya hivi vitatu atapata tundu lililobana au hesabu iliyovimba. Weka saizi zote kwenye jedwali moja la CSV nje ya modeli, kila safu ikiwa na jina, kipenyo cha nje, unene wa ukuta na urefu wa soketi, kisha familia isome humo. Revit ina fomula ya kutafuta kwenye jedwali kama hilo. Kiwanda kikibadilisha unene, unarekebisha safu moja badala ya kufungua familia 15.

Kuhusu vigezo vyenyewe, kuwa mchoyo. Kila kigezo unachomwachia mtumiaji ni swali ambalo atalijibu akiwa na haraka saa kumi na moja jioni. Menholi ya kawaida ya ploti haihitaji zaidi ya vinne au vitano: ngazi mbili, aina ya bomba la kutokea, aina ya mfuniko, na namba yake kwenye mchoro. Vingine vyote vitokane na fomula. Kama ofisi yenu imekubaliana kwamba menholi ya hadi mita 1 iwe na nafasi ya ndani ya milimita 450 kwa 600, na iliyo ndani zaidi ipanuliwe ili mtu aweze kuingia, basi iandikeni sheria hiyo ndani ya familia, ipime kina na ichague ukubwa. Na tofautisha kwa makini vigezo vya aina na vya kimoja kimoja. Unene wa ukuta ni wa aina. Ngazi ni ya menholi moja moja. Ukiviweka kinyume, utabadilisha kina cha menholi namba 3 na nyingine zote za mradi zitashuka nayo bila kelele.

Sehemu nzuri pia inakataa. Dukani Thika utapata kona ya digrii 45 na ya karibu digrii 90, basi. Programu iliyoachwa huru itakuchorea kona ya digrii 63 bila wasiwasi, na fundi atalazimika kulichoma bomba kwa moto ili lipinde, jambo linaloharibu umbo la ndani na kuleta kuziba. Katika mipangilio ya mabomba ya Revit unaweza kuamuru pembe maalum pekee zitumike. Amuru. Vilevile, kwenye laini ya chini ya ardhi usiweke kabisa ti ya pembe mraba katika orodha ya viungo. Weka vai ya digrii 45 inayoelekea mtiririko. Mchoraji mgeni asiwe na njia ya kukosea hapo.

Kwa menholi, fomula fupi ya maandishi inatosha kuwa mlinzi: kina kikipungua chini ya milimita 450, kigezo cha hali kiandike "kina kidogo", vinginevyo "sawa". Ukipenda, ongeza mchemraba mwekundu unaoonekana kwenye skrini pale tu sharti linapovunjwa. Ni umbo la dakika kumi kulitengeneza, na mtu anayepitia mradi mzima ataona mahali pa kutazama kabla hajasoma namba hata moja.

Sasa udongo, kwa kuwa hapa ndipo maktaba zilizopakuliwa kutoka nje zinapotuangusha. Upande wa juu wa Ruiru na Thika, kuelekea mashamba ya kahawa na chai, una udongo mwekundu unaopitisha maji vizuri. Ukishuka mashariki, kuelekea Juja Farm na nyanda za Athi, unakutana na udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Shimo la kunyonya maji linalofanya kazi vizuri kwenye udongo wa kwanza litafurika kwenye wa pili. Kwa hiyo shimo la kunyonya katika maktaba yako lisiwe sanduku la ukubwa mmoja. Lipe kigezo cha upitishaji maji kinachotokana na kipimo cha shambani, yaani muda ambao maji huchukua kushuka kwenye shimo la majaribio, na eneo la kuta lihesabiwe kutokana nacho. Pasipo namba hiyo, familia ioneshe tahadhari na ikatae kutoa ukubwa. Kwenye udongo mweusi jibu mara nyingi litakuwa kubwa kuliko ploti yenyewe, na hapo mwenye jengo ataelewa kwa nini anashauriwa tangi la kunyonywa na lori, au kusubiri laini ya mtaa. Usiridhike na baiodaijesta iliyochorwa mduara tu: maji yanayotoka humo nayo yanahitaji mahali pa kuzama, na udongo ni ule ule.

Udongo huo mweusi pia husogeza mabomba. Mahali ambapo bomba linatoka chini ya msingi wa jengo na kuingia kwenye ardhi inayovimba, panahitaji kiungo kinachoruhusu kucheza kidogo. Tengeneza sehemu yake, uipe jina lake, iwe chaguo la kawaida kwenye kiolezo cha miradi ya upande huo.

Maji ya mvua yawe na mfumo wake tangu mwanzo, wenye jina lake, rangi yake na orodha yake ya viungo. Jengo likifunika ploti nzima ya futi 50 kwa 100, paa ni takriban mita za mraba 465. Mvua ya milimita 50 kwa saa juu ya paa hilo inaleta lita 6.5 hivi kwa sekunde. Bomba la milimita 110 kwa mteremko wa 1 kwa 40, likijaa kabisa, hubeba karibu lita 10. Maana yake, ukiruhusu paa limwage kwenye bomba la choo, mvua moja kubwa inakula zaidi ya nusu ya nafasi ya bomba hilo, na majirani watatu wakifanya hivyo menholi ya mtaa itarusha mfuniko. Mvua ya masika ya 2024, iliyoleta mafuriko sehemu nyingi za Kenya, haijasahaulika na yeyote anayeishi kando ya barabara kuu ya Thika. Katika modeli, bomba la paa lisiweze kuchagua kiungo kilichoko kwenye orodha ya maji taka. Mkaguzi wa kaunti akifungua mchoro, rangi mbili zisizogusana popote zitamjibu kabla hajauliza.

Nje ya ploti, kwenye barabara za mitaa kama zile zinazochipuka kutoka Kamakis, kazi huhamia Civil 3D na sehemu huwa kalvati na mitaro ya zege. Hapo kanuni ni fupi zaidi: orodha ya sehemu iwe na vipenyo vinavyopatikana viwandani tu, 300, 450, 600 na 900, na kanuni za kina na mteremko ziwekwe ndani ya orodha yenyewe. Kalvati ya 525 isiyotengenezwa na kiwanda chochote cha karibu haina kazi kwenye maktaba yako.

Kuhusu urembo, nina msimamo mkali. Vyuma vya kupandia, nembo ya kwenye mfuniko, mikunjo ya zege ndani ya menholi: hivi viwe kwenye karatasi ya michoro ya kawaida, mara moja, kwa vipimo kamili. Ndani ya familia viache, au vionekane kwenye mwonekano wa kina pekee. Jengo lenye menholi 8 halitalalamika, lakini mtaa wa nyumba 200 utaigandisha kompyuta. Usiingize mchoro wa AutoCAD ndani ya familia ya Revit ili kuokoa muda. Unaleta tabaka na mistari isiyo na mwenyewe, ambayo itakufuata kwenye kila mradi. Modeli za viwanda vya Ulaya zinazopatikana bure nazo zina uzito wa kutisha na viungo visivyouzwa hapa. Zitazame ujifunze, kisha utengeneze yako.

Kabla sehemu haijaingia maktaba, itese. Iweke kwenye faili tupu, upitishe saizi zote za jedwali, kisha kina cha sentimita 45, mita 1.2 na mita 3. Weka inveti juu ya mfuniko kwa makusudi uone kama inapiga kelele. Halafu iingize kwenye mradi mdogo wa majaribio: ploti moja bapa na moja yenye mteremko mkali, zote zikiwa na ngazi halisi za mpimaji. Jambo hili la ngazi linahitaji uangalifu, kwani Thika na Ruiru ziko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na mpimaji atakupa namba za aina hiyo. Zioanishe na sifuri ya jengo mara moja tu, kwenye mipangilio ya mradi. Sehemu yoyote inayomtaka mchoraji afanye hesabu hiyo kichwani itatoa kosa la mita nzima siku moja.

Ukifanya haya, majedwali yanakuja karibu bure. Mabomba ya uPVC huuzwa kwa urefu wa mita 6. Jumlisha urefu wa saizi moja katika mradi mzima kwanza, kisha gawanya kwa 6 na upandishe: mita 30.48 zinahitaji mabomba 6. Ukipandisha kila kipande peke yake, vipande vifupi 12 kati ya menholi vitampa mkadiriaji gharama mabomba 12 wakati vipande vinavyobaki vingeunganishwa kwa soketi. Ongeza asilimia ya upotevu mliyoizoea, iandikwe wazi kwenye safu yake, isifichwe ndani ya fomula.

Majina yaandikwe kwa lugha ya dukani: aina ya sehemu, malighafi, saizi, pembe. "Kona-uPVC-110-45" inaeleweka na mchoraji, mkadiriaji na muuzaji. "Elbow_new_final2" haieleweki hata na aliyeiandika. Mtu mmoja ofisini awe na ruhusa ya kubadilisha maktaba, na kila badiliko liwe na tarehe na sababu. Wengine wote wachukue nakala, wakiona kasoro wamwambie yeye.

Mwisho, kabla hujaweka ngazi ya kutokea kwenye mradi wowote, pata inveti halisi ya menholi ya mtaa. Ulizia kampuni ya maji na maji taka ya eneo, kwa Thika THIWASCO, kwa Ruiru na Juja RUJWASCO, na ukipewa namba bado mwombe mpimaji afungue mfuniko aithibitishe. Kazi ya shambani ikikamilika, rudi na kifaa cha kupimia ngazi mabomba yakiwa bado wazi mtaroni, kabla ya mchanga na udongo kurudishwa, uingize ngazi zilizopatikana kwenye menholi zile zile za modeli. Faili hiyo ndiyo mwenye jengo atakayoihitaji laini itakapoziba na fundi akauliza achimbe wapi.